Kitufe cha Kumwita Daktari

Mtu mmoja alikuwa na kipaji cha kutengeneza programu za kompyuta. Jina lake Lwitiko. Hospitali ya mjini kwao ilitumia programu yake, na wauguzi walikuwa wameizoea vizuri. Lakini yeye mwenyewe aliichoka sura yake. Akaipamba upya. Rangi zikawa za kupendeza, na vitufe akavipanga kwa namna isiyopata kuonekana popote. Akaifurahia kazi yake kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Wiki hiyohiyo mkewe mjamzito, Atupele, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake za kujifungua, akaanza kutokwa na damu. Gari lao lilikuwa gereji. Jirani yao, Mama Subilaga, akawapa funguo za gari lake, ambalo Lwitiko hakuwahi hata kulipanda. Akaketi, akawasha, wakaondoka. Mguu wake ulijua breki ilipo. Mkono ukaikuta gia bila kuitafuta. Njia nzima macho yake yalikuwa barabarani na maneno yake yalikuwa kwa mkewe, akimtuliza.

Walipofika, muuguzi wa zamu aliikimbilia kompyuta amwite daktari wa upasuaji. Akabonyeza, ukafunguka ukurasa wa dawa. Akarudi, akabonyeza pengine. Jasho likamtoka. Alikuwa mwanamke wa miaka mingi kazini, lakini sasa alitafuta kama mtu aliyeanza jana. Akamgeukia Lwitiko, kwani alimjua kuwa ndiye mwenye programu ile:

"Baba, kitufe cha daktari umekipeleka wapi?"

Lwitiko akanyoosha kidole. Kilikuwa pembeni, kidogo, kizuri sana.

Daktari akaja. Atupele akajifungua salama mtoto wa kike, aliyelia kwa nguvu hata waliokuwa mlangoni wakacheka. Lwitiko alicheka na kulia pamoja. Kabla jua halijazama alikuwa amevirudisha vitufe vyote mahali pake, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Aliyelitengeneza lile gari hakumjua Lwitiko, wala hakuwahi kusikia jina lake. Hata hivyo alikubali kuiweka breki pale ambapo wenzake wote wameiweka, ili mgeni asihangaike siku ya shida.

Basi wewe unayewatengenezea wenzako kitu, unataka wakitazame, au wafike?