Nyayo za Majivu

Hodi, hadithi inabisha! Semeni, "Ipite!" Hamjashiba nini? Semeni tena. Haya. Leo haiji na asali, inakuja na majivu miguuni.

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, katika milima ya Yemeni kulikuwa na mji wa Wayahudi, masonara. Watu hao waliamini kwamba siku ya Sabato hata moto wa Jehanamu huzimwa. Roho za wafu waliomo hupumzika, na jua la Sabato likizama, roho hizo huja visimani kunywa maji kabla ya kurudi motoni. Kwa hiyo mtu hawashi moto wala hazimi moto mpaka nyota zionekane na sala ya kuiaga Sabato iishe. Anayewasha wake mapema humwashia na maiti wake ule wa Jehanamu. Mmesikia? Hawashi, wala hazimi.

Sasa palikuwa na sonara mmoja, Yihya, kijana wa pupa. Baba yake, Azaria, alikuwa amekufa mwaka uleule. Mzee mkali yule, aliyedhulumu wengi, lakini mwanawe alimpenda hivyo hivyo. Sabato moja jioni mawingu yalitanda, na Yihya akawaza mkufu alioagizwa kwa bibi harusi mmoja, nao haujakamilika.

"Nyota zimeshatoka, mama. Mawingu tu yamezificha."

"Subiri, mwanangu," akasema mama yake, Rumia. "Sinagogini bado wanaimba."

"Hao wanapenda kuimba!"

Akaingia karakana, akawasha tanuri. Akavukuta, puu! Akavukuta tena, puu! Moto ukapanda. Mara, humo ndani ya tanuri, sauti:

"Yihya. Mbona mapema?"

Nywele zikamsimama. Na mimi zinanisimama, msinicheke.

"Baba?"

"Sijanywa, mwanangu. Nilikuwa nimekikaribia kisima."

Uani Rumia akapiga ukelele. Yihya akatoka mbio. Nyayo za majivu zilikuwa zimevuka ua, na mguu wa kushoto hauna kidole gumba. Azaria alikiponda chake kwa nyundo ujanani. Zilibakiza hatua moja tu kufika kisimani. Hapo zikageuka michirizi, kama ya mtu anayeburutwa, hadi mlangoni mwa karakana.

Yihya akanyakua ndoo. "Nauzima!"

"Uzime, na Sabato haijaisha? Umekosa moja, unataka kuongeza la pili?" Rumia alikuwa analia. "Kimbilia kwa wanaoimba. Wasimalize! Sala isipoisha, Sabato haiishi."

Alikimbia peku, akaanguka mlangoni mwa sinagogi.

"Jamani, imbeni! Baba yangu anaungua!"

Walikuwamo watu aliowadhulumu Azaria. Na hao nao wakaimba. Wakaimba, wakaimba, koo zikakauka, wakaimba. Huko nyumbani Rumia akaona moto unanywea, unanywea, mpaka giza. Kamba ya kisima ikaanza kushuka yenyewe, polepole. Akasikia mtu anakunywa, gudu, gudu, kwa kiu ya kutisha. Akajifunika ushungi usoni, hakuthubutu kutazama.

Bibi harusi aliolewa bila mkufu. Na Yihya, tangu siku ile, ndiye aliyekuwa wa mwisho mjini kuwasha moto, miaka yote ya uhai wake. Alipokufa, mzee kikongwe, Sabato yake ya kwanza mji mzima ulikaa gizani. Nyota zilijaa tele, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwasha taa.

Haraka haina baraka, hilo mnalijua. Jueni na hili: haraka yako huweza kumchoma mwingine, tena umpendaye.

Hadithi imekunywa maji, imekwenda zake. Anayeogopa kwenda chooni peke yake, shauri yake.