Siku Tatu za Mhina

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Bi Kidawa aliyatamka maneno hayo taarifa ya habari ilipokwisha, akaizima redio. Wajukuu wake waliokuwa wakichambua mchele wakamuuliza methali hiyo imetoka wapi.

"Endeleeni kuchambua huku mnasikiliza," akasema. "Ilianza hivi."

Zamani, katika kijiji cha Kwemsanga, palikuwa na mpiga mbiu aitwaye Mhina. Mbiu yake ilikuwa pembe ya nyati aliyoirithi kwa baba yake. Ikilia mgambo, yaani mwito wa watu wote, mwenye jembe aliliacha shambani, mwenye chungu alikiepua jikoni, wote wakaenda uwanjani kusikia kulikoni: simba ameonekana, nyumba inaungua, mtoto amepotea. Mhina hakuwahi kuipiga kwa mzaha. Lakini pia hakuruhusiwa kuipiga bila idhini ya Jumbe Semkiwa. Ndiyo iliyokuwa desturi.

Asubuhi moja Mhina aliufuata mto kwenda juu, kumjulia hali shemeji yake katika kijiji cha jirani. Hakufika. Shemeji alimwona kutoka ng'ambo, akamzuia kwa sauti.

"Usivuke! Kipindupindu kimetuingia. Tangu juzi tumezika watu kumi na mmoja, na nguo za wagonjwa zimefuliwa humu humu mtoni. Rudi ukapige mbiu, watu wenu wasinywe maji haya!"

Mhina alirudi mbio. Alimkuta Jumbe akisimamia ujenzi wa banda la harusi. Binti yake alikuwa anaolewa, wageni wa vijiji vinne walitarajiwa, na ng'ombe wawili walikwisha fungwa mtini. Mhina akamvuta pembeni, akamweleza.

"Nani mwingine anajua?" Jumbe akauliza.

"Mimi tu, Jumbe."

"Basi ibaki hivyo. Ukipiga mbiu leo, wageni watageukia njiani, na mwanangu ataitwa bibi harusi wa mkosi mpaka afe. Siku tatu tu, Mhina. Harusi ikipita, piga mpaka pembe ipasuke."

"Na maji je?"

"Maji ya mto hayakai. Ya jana leo hayapo."

Mhina alikuwa na neno la kujibu, akalimeza. Shamba la mpunga alilolima alipewa na Jumbe, na kilichotolewa kwa mkono mmoja huweza kuchukuliwa kwa mkono huo huo. Akasema, "Hewala," akaenda zake.

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, Chausiku, "Usiteke tena maji ya mto. Nenda chemchemi ya mlimani."

"Kule ni mwendo wa saa nzima, baba. Kuna nini?"

"Nenda tu. Na usimwambie mtu."

Chausiku akachukua mtungi. Mhina akabaki kibarazani akijifariji. Hakusema uongo. Amenyamaza tu, na kunyamaza ameamriwa. Kama kuna dhambi, ni ya aliyeamuru. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara maneno yalizidi kuwa mepesi.

Kesho yake alipita jirani yao Mwanamvua, mjane mwenye watoto wawili, Kibwana na Sikudhani. Alikuwa na mtungi kichwani.

"Kaka Mhina, namwona wifi anapandisha mlima na mtungi, jana na leo. Mto una nini?"

Mhina alikuwa akisokota kamba. Hakuinua uso.

"Hauna kitu. Mwenzangu anapenda maji ya chemchemi. Anasema ni matamu."

Mwanamvua akacheka. "Hao ndio wenye magoti. Sisi wengine mto unatutosha."

Akateremka. Mhina alizisikia hatua zake mpaka kwenye kona ya njia. Alikuwa na muda wa kumwita. Aliendelea kusokota kamba.

Harusi ilifana. Watu walikula, wakanywa, wakacheza ngoma mpaka vumbi likawafikia magotini. Siku iliyofuata akaanguka mzee mmoja, na kufikia alasiri nyumba saba zilikuwa na wagonjwa. Kesho yake Kibwana alikufa asubuhi. Adhuhuri akafuata Sikudhani.

Hapo ndipo Jumbe alipotuma mtu: "Mwambie apige sasa."

Mhina akapiga. Waliokuja walikuwa wachache, wengine mikono yao ingali na udongo wa makaburi. Akawatangazia juu ya maji. Wakarudi makaburini.

Baada ya siku chache Mhina alikwenda matangani kwa Mwanamvua, akaketi kwenye ncha ya mkeka.

"Dada," akasema, "mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku moja kabla hujaniuliza."

Mwanamvua akahesabu siku kwa vidole.

"Mbona hukuniambia?"

"Jumbe alinikataza."

"Alikukataza kupiga mbiu. Kuninong'oneza je, alikukataza pia?"

Wanawake waliokuwa chumbani wakaacha kusogea.

"Mke wako ulimnong'oneza," Mwanamvua akasema. Hakupaza sauti. "Sikuapizi, kaka Mhina. Mimi nililelewa kuitegemea mbiu, nami wanangu niliwalea hivyo: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Haikulia. Tukanywa."

Mhina akainuka, akatoka. Pembe aliirudisha kwa Jumbe jioni ile ile, na Jumbe akampa mtu mwingine. Jumbe mwenyewe aliishi miaka mingi, akasema yaliyotokea ni kudra ya Mungu. Chausiku hakuteka tena mtoni, hata maji yaliposafika. Alipanda mlima kila siku mpaka uzeeni, kwa kuwa hakuweza kusimama kwenye maji pamoja na wanawake wenzake.

"Maneno ya Mwanamvua yalitoka matangani pale yakaenea," Bi Kidawa akamaliza. "Hapo kwanza watu waliyasema yote, pamoja na lile la mwisho, na aliyeyasikia aliinamisha kichwa. Lakini la mwisho lilikuwa zito, wakaliacha. Tumebaki na hili jepesi la kuwaita watu mkutanoni."

Hakuna mjukuu aliyekuwa akichambua tena.

"Sasa nanyi mnajua lote," akasema. "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Haikulia, tukanywa."