Pembe Iliyovishwa Dhahabu

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Sanaa, zama zilizopita, aliishi mchamungu aitwaye Sheikh Mutahhar, ambaye amiri alimkabidhi nyumba ya vitu vya kale: panga, ngao na mataji ya wafalme waliokwisha kusahauliwa. Watu walimwamini kwa amana zao kuliko walivyojiamini wenyewe.

Mwaka wa njaa akamjia Mzee Yihya, mwalimu wa Mayahudi wa mji ule, na pembe ya kondoo dume, kongwe, iliyotiwa weusi na moshi. Wao huipuliza kila sikukuu yao ya mwaka mpya, kuziamsha nyoyo zitubu.

"Sheikh wangu, tunahama kutafuta chakula, na njia ina wanyang'anyi. Nitunzie hii."

Sheikh akaipokea kwa bismillahi, akaiweka rafuni kati ya mataji. Lakini wageni wa amiri wakawa wanacheka: hata pembe ya kondoo nayo ni hazina? Sheikh akaona haya. Na hapo ndipo Ibilisi alipompata, kwani aliona haya pasipostahili haya. Akaipeleka kwa sonara, mdomo wa pembe ukavishwa dhahabu. Tangu hapo wageni wakastaajabu, wakasema bila shaka ilikuwa ya mfalme. Naye, Mungu amrehemu, hakukanusha.

Mvua zikarudi, na Yihya akarudi, sikukuu yao ikikaribia. Amiri mwenyewe alikuwapo. Mzee akaipokea pembe kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigusa ile dhahabu.

"Nani ameivisha?"

"Mimi," akasema Sheikh. "Kwa kuiheshimu."

"Sheikh wangu, kwetu midomo ya mpulizaji hugusa pembe tupu. Dhahabu ikiingia kati, haifai tena kwa ibada. Nasi hatuna nyingine."

Amiri akakasirika. "Mzee huyu hana shukrani! Amepewa dhahabu, naye analalamika!"

Sheikh angenyamaza tu, na heshima yake ingebaki salama. Aibu ilimvaa mpaka masikioni. Akasema, "Ewe amiri, yeye hana kosa. Wala sikuivisha kwa kuiheshimu. Hilo nalo nimesema uongo. Niliwaonea haya wageni wako. Nilipewa amana, nikaifanya pambo langu."

Yihya akaipima pembe kwa vidole. "Ikatwe mdomo," akasema kwa upole. "Urefu utakaobaki unatosha."

Sheikh akaikata kwa msumeno, kwa mkono wake mwenyewe. Yihya akapuliza. Sauti ikatoka nyembamba kuliko ya zamani.

"Tutaizoea," akasema mzee, na neno hilo lilimuuma Sheikh kuliko tusi.

Kile kipande cha dhahabu Sheikh alikirudisha rafuni, mahali palepale. Kila mgeni alipouliza ni kitu gani, alijibu, "Ni khiyana yangu. Tazameni inavyong'ara."

Ndugu zangu, amana haitaki kupambwa, yataka kurudishwa kama ilivyokuja. Mja yule alikiweka kipande chake mbele ya watu. Sisi vya kwetu tumevificha, na tunaviita heshima.