Makucha ya Mwezi Mpevu

Mwezi unapokuwa mpevu, watu wa kijiji cha Myinkaba huvaa vizuri wakaenda hekaluni. Nwe Yin, mwali aliyeolewa miezi minne tu iliyopita katika ukoo wa mafundi wa vyombo vya mianzi, alikuwa ameanza kuiogopa siku hiyo. Siku ya pili yake, bila kukosa, michirizi mitano myekundu ilivimba kisogoni pake, imepangana kama makucha ya mkono. Iliwasha hata chakula kisipite kooni, naye alijikuna mpaka damu. Ikinyauka, mwezi mpevu uliofuata uliirudisha palepale.

"Mwanangu, hiyo si harara," mama mkwe alimwambia kwa sauti ya chini. "Hapo umeshikwa na mchawi. Nani hukutazama kisogo?"

Nwe Yin alimjua. Jirani yao Daw Hnin, mjane asiye na mtoto, kila wakikutana alimkazia macho kisogoni bila kupepesa. Siku moja kisimani alimsogelea, akamnong'oneza, "Binti, hicho kitana ulichobania nywele nipe mimi." Nywele zake mkononi mwa mtu yule! Nwe Yin alitimua mbio, akaiacha ndoo.

Habari zilienea kama moto wa nyikani. Mwezi mpevu uliofuata ulipoacha makucha yake, watu walijaa uani kwa mkuu wa kijiji.

"Taja jina, binti, tulale," mkuu alisema.

Nwe Yin alisita. Mjane huyu ndiye aliyemletea uji alipokuwa mgeni, hana wa kuongea naye. Dhamiri ilimsuta, lakini kisogo kilimwasha kuliko dhamiri, akamtaja.

"Vua kitana, binti!" Daw Hnin alipaza sauti. "Vua tu, uone!"

"Mnamsikia?" mama mkwe alidakia. "Mpaka sasa bado anakitaka!"

Kulipokucha mjane alivushwa mto na kitita chake kimoja, mlango wake ukapigiliwa misumari. Nwe Yin alilala usingizi wa pono.

Mwezi ukapevuka tena, akaenda hekaluni moyo mweupe. Siku ya pili, akipepeta mchele, kisogo kikaanza kumtekenya. Alipeleka mkono. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Alitazama ng'ambo ya ua: nyumba ya mjane ilikuwa kimya, misumari mahali pake. Kama si mjane, mchawi alikuwa nani?

Akachomoa kitana ili ajikune vizuri. Meno ya kitana yalipopita kisogoni, yalitua juu ya michirizi, jino kwa mchirizi, bila kupotea hata moja. Vidoleni mwake ulibaki weusi unaonata.

Mumewe, Thet Lwin, aliingia kutoka karakana, mikono myeusi kwa utomvu wa mti wanaoupaka vyombo vya mianzi ving'ae.

"Mbona umekivua, mke wangu? Nimekipaka upya juzi, uwang'arie wenzako hekaluni."

"Juzi tu?"

"Kila sikukuu nakipaka. Hukujua?"

"Na hukukishusha shimoni, vinamokaushwa vyombo?"

"Siku saba zote? Ungebana nywele na nini, miba?" Alicheka.

Nwe Yin hakucheka. Katika nyumba ile kila mtu alizaliwa akinusa utomvu, ngozi zao zimeuzoea. Hakuna aliyekumbuka kwamba ukiwa mbichi humla mgeni ngozi, na yeye alikuwa binti wa wakulima wa karanga. Daw Hnin alikumbuka, kwa kuwa naye aliolewa kwa mafundi.

Aliosha kisogo kwa sabuni na maji baridi, akakiweka kitana mbali na mwili wake. Miezi ikapevuka na kuandama, ngozi yake ikabaki laini. Lakini kila alipovuka mto kumuulizia mjane, kijiji hata kijiji, watu walitikisa vichwa. Alirudi akilia kwa uchungu na aibu, kwa maana adui aliyemtafuta ng'ambo ya ua alikuwa amemchomeka kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.