Nyumba Yenye Mahindi Chini ya Sakafu

Hapo zamani, mwaka ambao mvua ilikataa, palikuwa na nyumba ya mawe yenye chumba chini ya sakafu. Babu wa watu wale alikichimba, akafa, kikabaki cha popo na vyungu vibovu. Unaingia kwa kuinua kifuniko cha mbao na kushuka ngazi. Hewa ilipita kwenye tundu moja tu, linalotokea uani.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Riziki, mjane, ulimi mkali kama wembe. Msinitazame hivyo, mji mzima ulijua. Aliishi na mwanawe Kombo, binti yake Mkasi aliyeachika kwa mumewe, na Time, mke wa Kombo, mwenye mtoto wa kunyonya.

Walipovuna yale mahindi machache, wakaona yakae chini, wezi wasiyaone. Wakafagia, wakapiga chokaa, wakalaza magogo na kupanga magunia juu yake. Kazi nzuri, nani atakataa?

Panya wakaingia kwa lile tundu. Kombo akaliziba kwa mawe na udongo. Hakumwambia mtu.

Sakafu ikatoa unyevu. Mkasi akaogopa mahindi yataota ukungu, akashusha jiko la mkaa, akarudisha kifuniko joto lisitoke, akaenda zake kisimani. Naye hakumwambia mtu.

Bi Riziki akataka mahindi ya kutwanga. Time akainua kifuniko, akasema chini kuna joto, tena kichwa kinamgonga.

“Shuka, mwanangu,” akasema mkwewe. “Kichwa hakili. Kinachokula ni tumbo.”

Akashuka. Punde kikasikika kishindo.

“Vunja tu,” akasema Bi Riziki. “Vya kwenu hivyo?” Akaendelea kumenya muhogo, mpaka mtoto alipolia kutaka ziwa na mama yake asipande.

Walimtoa amekufa.

Matanga yalipoondolewa akaja Bi Mwanamize, mama yake Time, macho hayaoni vizuri, na kwake hakuna hata pumba. Akasema: “Mjukuu wangu nikimchukua, atakufa njaa. Nikimwacha, atalelewa na aliyemuua mama yake. Basi huyo mmoja atoke humu, asirudi. Nipeni jina.”

Kombo akasema yeye aliziba njia ya panya, na siku aliyoziba hapakuwa na moto. Tundu halijawahi kuua mtu.

Mkasi akasema mkaa anauwasha tangu mdogo. “Babu aliacha pa kupitia hewa. Ningejua pamezibwa, nisingeshusha hata kijiti.”

Bi Riziki akasema hakuziba, hakuwasha. Alimtuma mke wa mwanawe kazi, kama alivyotumwa yeye na mama wa mumewe.

“Na kile kishindo?” akauliza Bi Mwanamize.

“Nilidhani kavunja chungu.”

“Mama angeshuka, tungezika wawili,” akasema Mkasi.

“Au asingezikwa mtu,” akasema Bi Mwanamize.

Nasikia mtaa uligawanyika, na aliyenihadithia si mwongo sana. Wanaume walimtaja Mkasi. Wanawake wakamtaja Kombo. Wale wanaokaa kwa mama wakwe hawakutaja mtu. Walimtazama Bi Riziki tu.

Bi Mwanamize amekaa kizingitini na mtoto mapajani, anangoja jina. Haya, nyinyi mnaotafuna huku mnasikiliza: katika hawa watatu, je, nani atoke?