Kwa Nini Kuni za Wajane Huitwa Matendegu

Zamani, kabla mlima huu haujagawanywa mashamba, kuni zilizoanguka zenyewe msituni hazikuwa na jina. Aliyeziona aliokota. Kilichokatazwa ni shoka, na mlinzi wa katazo hilo alikuwa Shemboza, mtu aliyeweza kumfokea hata mtoto aliyevunja kijiti.

Basi ikaja harusi ya binti yake. Wakwe wanatarajiwa, na mlango wa nyumba umeliwa na mchwa! Nyani haoni kundule: Shemboza akaingia msituni peke yake, akaangusha mvule wa chemchemi, akachonga mlango na kusema ameununua ng'ambo ya mto. Wazee walipokiona kisiki wakauliza, ulimi ukamponza. "Ni Mamkunde," alisema. "Kawauzia wapita njia."

Mamkunde alikuwa mjane asiye na wa kumsemea. Alikana, hakusikilizwa, akakatazwa kutia mguu msituni.

Siku ya harusi kila mwanamke alileta mzigo wa kuni, kama ilivyo ada. Mamkunde alifika wa mwisho, naye ana mzigo kichwani. Shemboza akamkaripia mbele ya wakwe.

"Weye! Umezitoa wapi hizo?"

Mamkunde akautua mzigo taratibu. "Si za msituni, baba. Nimeona haya kuja mikono mitupu kwenye harusi ya mwanao."

Shemboza akazitazama. Zilikuwa mbao zilizolainishwa na miaka, na juu yake matendegu manne, tundu za kamba zikionekana. Mjane alikuwa amepasua kitanda chake.

Aibu ilimvaa Shemboza, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. "Mvule niliukata mimi," akasema, na binti yake akasikia, na wakwe wakasikia.

Akaubandua mlango kwa mikono yake, akamtengenezea Mamkunde kitanda. Nyumba yake mwenyewe ilikaa bila mlango mpaka siku aliyozikwa, na kila mpita njia alichungulia ndani.

Na tangu siku hiyo, huku mlimani kuni zilizoanguka zenyewe huitwa matendegu, nazo ni za wajane. Ukiziokota wewe mwenye mume na nguvu zako, hutozwi faini wala hutukanwi. Utaulizwa tu: "Mwenzio umemwacha alale wapi?"