Kiraka Chekundu cha Bwana Lipembe

Sogeeni. Mwenye kukohoa amalize kukohoa, na mwenye usingizi aende akalale kwao, maana hadithi hii mwisho wake ni kesi na hakimu ni wewe.

Kule kusini, mji wa Lihumbwe, mji mdogo mpaka ukipiga chafya sokoni msikitini wanakuombea afya, walikuwapo wajukuu watatu wa mzee Kandulu. Kila mmoja Mungu alimpa chake.

Matola alipewa mwili. Huyo akikaa, amekaa. Siku moja lori la mihogo lilimgonga amekaa kando ya barabara. Lori likaomba radhi, likarudi nyuma.

Chitete alipewa mdomo. Akimwigiza mbuzi, mbuzi wa mtaa wa pili wanaitika. Akimwigiza shehe, watu wanakwenda kutawadha.

Somoe alipewa mkono. Alikuwa fundi cherehani, na aliwahi kumshonea suruali mtu mwenye mguu mmoja mfupi, yule mtu akatembea sawa, mkewe akamkataa mlangoni akidhani mgeni. Huyu Somoe ndiye nitakayemfuata zaidi, kwa sababu ndiye aliyeumia zaidi. Wenzake wakisikia hivyo watakataa, lakini wacha wakatae.

Sasa, babu yao alikuwa askari wa keya, lile jeshi la mkoloni, akapelekwa Bama kupigana na Mjapani. Mvua ya Bama usiombe. Ilinyesha mpaka samaki wakapanda miti kutafuta pakavu. Mbu wa huko akimuuma askari anaondoka naye na kitanda. Katika vita hivyo kapteni wao alipigwa risasi ya mguu, na mzee Kandulu akamtia mgongoni, akavuka naye mto risasi zikichemsha maji. Siku hiyohiyo, askari mwingine wa Lihumbwe, Lipembe mkubwa, alikuwa ndani ya sufuria ya kupikia jeshi, kajifunika mfuniko.

Waliporudi, Kandulu hakumsema mwenzake hata siku moja. Alikuwa akisema kila mtu huogopa kwa zamu yake. Yeye kazi yake ilikuwa kuvaa tarabushi yake ya keya kila Ijumaa na kwenda msikitini, kishada kinacheza.

Lipembe mkubwa akafa, akaacha mtoto, na mtoto akawa tajiri mwenye banda la video. Wakaja Wazungu kutengeneza filamu ya vikosi vya Waafrika katika vita ile. Lipembe mdogo akawachinjia mbuzi, akawasimulia vita kichwa chini miguu juu. Filamu ikatoka hivyo: Lipembe anavuka mto na kapteni, Kandulu yumo kwenye sufuria. Na hakutosheka. Aliwaomba yule wa kwenye sufuria ashonewe kiraka cha blanketi jekundu mgongoni, ili hata akigeuka asipotee machoni pa watu.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na bandani kwa Lipembe, kama kwenye mabanda yote, palikuwa na mtu wa kukaa na kipaza sauti akawasemea wale wa kwenye picha kwa Kiswahili. Picha watu wanaitazama, lakini mwenye kipaza sauti ndiye anayeaminiwa. Akisema yule ni farasi, hata kama umeona ng'ombe kwa macho yako, nyumbani unakwenda kusimulia farasi.

Mzee Kandulu alikuwa benchi la mbele siku ya kwanza. Watu walicheka mpaka mabati yakang'oka misumari. Akaivua tarabushi, akaipakata, akatoka. Hakuivaa tena. Alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe, Abiti Mtalika, maneno haya: "Aliyenivua nguo mbele ya watu, naye avuliwe mbele ya watu. Mjukuu atakayemvua, kofia yangu ni yake."

Somoe alikuwa bado mdogo. Shuleni watoto walikuwa wakimbandika vitambaa vyekundu mgongoni, anatembea mji mzima bila kujua, anashangaa tu kwa nini kila anapopita watu wana furaha. Mama yake anambandua mlangoni. Kimoja, kipande cha blanketi hasa, Somoe alikitia mfukoni. Alipokua na kununua cherehani, kitu cha kwanza kuingia kwenye droo hakikuwa uzi, kilikuwa kile kipande.

Mwaka ukaja Lipembe akataka soko jipya lipewe jina la baba yake. Akaandaa sherehe, akamwalika mkuu wa wilaya aje aone filamu. Akamfuata Somoe barazani kwake.

"We binti Sufuria," akasema, "nishonee koti la keya kama la marehemu baba. Nataka mkuu akiniona amwone shujaa."

"Sawa, mjomba. Inua mikono nikupime."

Akampima. Tumbo lile futi ya kupimia ililizunguka ikachoka njiani, ikabidi iungwe na mkanda. Lipembe mikono iko juu, anaeleza kwa raha zake kwamba Chitete amemweka kwenye kipaza sauti, maana anataka mjukuu wa Kandulu mwenyewe atangaze sufuria ya babu yake kwa mdomo wake. Na Matola atalinda jenereta.

"Nataka ukoo wenu wote unihudumie siku hiyo," akasema. "Mpo?"

"Tupo, mjomba."

Hapo ndipo kiburi kilipompiga chenga. Mtu mwenye akili huwa hawapi watu aliowatukana sindano, kipaza sauti na jenereta kwa siku moja.

Na msidhani wale watatu walikaa kikao. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno, kwa sababu kofia ilikuwa moja na kila mmoja aliitaka kwa kichwa chake.

Somoe akashona. Mgongoni akakishona kile kipande cha blanketi kwa mshono wa kufa na kuzikana. Juu yake akafunika kaki safi, akaishika kwa bandi, ule uzi wa muda ambao fundi hushikizia nguo kabla ya kuishona, uzi wa kung'oka hata kwa kikohozi. Mabega akayabana kidogo. Lipembe akalivaa, akajitazama kwenye kioo kwa mbele, akapiga saluti, akaondoka anatingisha ardhi.

Siku ikafika. Banda likajaa mpaka watu wakawa wanapumua kwa zamu. Lipembe mbele kabisa pembeni ya mkuu wa wilaya, Somoe nyuma kwenye nguzo, macho hayatoki kwenye ule mgongo. Filamu ikaenda hadi mtoni.

Chitete akavuta pumzi. "Huyu mnayemwona anaingia majini na kapteni mgongoni," akasema kwa sauti ya marehemu babu yake, sauti ileile, wazee wakashika vifua, "ni mimi Kandulu wa Lihumbwe."

Lipembe akacheka, akadhani kijana amechanganya. Ikaja sufuria.

"Na huyu anayejifunika ni Lipembe. Anasema, mama yangu, nipikeni, lakini msiwashe moto."

Lipembe akaruka, mikono yote miwili juu, akapaza sauti wazime. Bandi ikaachia, trrr, kaki ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. Na wakati huohuo kwenye filamu yule askari anatoka kwenye sufuria, anawapa watu mgongo. Kiraka chekundu juu kwenye kioo cha filamu, kiraka chekundu chini mbele yake. Lipembe haoni mgongo wake, anazidi kupunga mikono.

Bibi mmoja akasema taratibu tu, lakini banda zima lilimsikia: "Kumbe alimrithi baba yake mpaka kiraka."

Nje, Matola alikuwa na mpango wake. Alinuia sufuria ikitokea afunge mafuta, giza liingie, sherehe ife. Mkono ulikuwa umeshashika koki. Aliposikia sauti ya babu yake akauondoa. Vijana wa Lipembe wakaja mbio kuzima. Akaikumbatia jenereta, akaikalia. Bomba la moshi likamchoma kifua, wale wakampiga kwa magongo mpaka magongo yakaomba maji. Matola amekaa. Filamu ikaisha yenyewe, na kabla ya kuisha watu walidai sufuria irudishwe nyuma waione tena.

Mkuu wa wilaya aliondoka kaziba mdomo kwa leso, mabega yanacheka. Soko watu wakaliita Kwa Kandulu, na Lipembe alipotoka akafuatwa na mji mzima mpaka kwake. Somoe alimwona anahangaika kulivua lile koti, machozi yanamtoka, na mabega yamembana, halivuliki. Alisimama akingoja huruma imjie. Haikuja. Akaenda kununua vitumbua.

Ikabaki tarabushi. Abiti Mtalika akaiweka mkekani mbele ya wajukuu wake.

Chitete akasema ni yake. Kiraka bila maneno ni nguo mbovu tu. Mdomo wake ndio uliomtoa babu kwenye sufuria na kumwingiza Lipembe.

Somoe akasema ni yake. "Babu alisema avuliwe mbele ya watu. Nani alimvua? Maneno ya Chitete, Lipembe angesimama akayakana. Mgongo wake ataukanaje?"

Matola akafungua shati, kifua kimebabuka. "Nyinyi mlilipiza kisasi chenu. Mimi changu nilikiacha ili chenu kipite. Ningefunga ile koki, mngekuwa na hadithi gani?"

Bibi akawatazama. "Mume wangu alimbeba mtu mzima akavuka naye mto," akasema. "Nyinyi watatu kofia imewashinda kubeba." Akaipakata, akasema Ijumaa baada ya swala atamvika mmoja.

Mngedhani wangetulia. Lakini kisasi kikishaonja nyama hakirudi kula mchicha. Matola kesho yake alikwenda kukaa mlangoni kwa Somoe, wateja hawaingii wala hawatoki, akasema anapumzisha kifua. Chitete akasikika bandani anajaribu kipaza sauti, anamwigiza Matola analia kama mtoto mchanga. Na Somoe? Ndugu zake walikuwa wameshampelekea kanzu zao za Ijumaa azipunguze, naye anazishona huku anatabasamu, na ukiutazama vizuri ule uzi, ni bandi.

Ijumaa ndiyo hiyo inabisha hodi, na Bibi amechoka, tarabushi amekupa wewe uishike. Haya, kichwa gani utakivika: cha mdomo, cha mkono, au cha kifua kilichoungua? Sema, tunakusikiliza. Ila kabla hujasema, pitisha kwanza mkono mgongoni kwako.